Barua ya wazi kutoka Bagamoyo: walowezi wa anga wasitusemee bila kupiga hodi

Kwa Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Matumizi ya Amani ya Anga za Juu, Vienna. Na kwa viongozi wetu wa Tanzania mnaoshika dhamana ya sayansi na mambo ya nje.

YAH: SHERIA YA KUPIGA HODI KABLA YA KUANZISHA MAKAZI NJE YA DUNIA

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari hapa Bagamoyo. Mwezi uliopita wanafunzi wa kidato cha tatu walichagua wenyewe mada ya mdahalo, wakaiandika ubaoni: "Walowezi kutoka Dunia wamefika sayari ya mbali. Wamekuta mataifa matatu ya viumbe wa huko yameungana dhidi yao. Wapigane." Upande uliounga mkono ulishinda kwa kishindo. Walizungumza vizuri, kwa hoja na kwa ujasiri, na niliwapongeza.

Usiku sikupata usingizi. Si kwa sababu wameshabikia vita. Vijana wa umri ule hupenda vita vya hadithi. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba katika saa nzima ya mdahalo, upande huu na upande ule, hakuna mtoto hata mmoja aliyesimama kuuliza kwa nini yale mataifa matatu yaliungana. Waliuchukua uadui kama kitu kilichokuwapo pale tangu zamani, kama mlima au mto, na walowezi wakajikwaa juu yake. Na shule yetu iko mwendo wa dakika chache tu kutoka Boma la zamani la Wajerumani, mahali ambapo swali hilo lina jibu.

Siandiki kwa kudhani kwamba viumbe hao wanabisha mlangoni kesho. Sayari zilizothibitishwa kuzunguka nyota nyingine zimepita 5,000, na hadi leo hakuna aliyepata ushahidi wa hata kijidudu nje ya Dunia, sembuse taifa, sembuse muungano wa mataifa. Naandika kwa sababu kanuni za mkutano wa namna hiyo huwekwa kabla ya safari, na wenye kuziweka ni ninyi. Siku ikifika, atakayeamua ni yule atakayekuwa amesimama pale, na atakayekuwa amesimama pale anaweza kuwa karani wa kampuni. Sisi tumeshaliona hilo likitokea.

Aprili 1888 Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Said, alitia saini mkataba wa kuikodishia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani ya Mrima pamoja na ushuru wa forodha, kwa miaka 50. Mkataba ulianza kazi Agosti. Watu wa Tanga, Pangani, Saadani, Bagamoyo na Kilwa hawakuulizwa. Walichokiona ni vijana wachache wa Kijerumani wakishuka pwani na bendera ya kampuni, wakitaka ipandishwe, wakiwaamrisha maliwali, wakitaka wenye mashamba walete uthibitisho wa umiliki ili waandikishwe. Pangani aliingia afisa wa kampuni aitwaye Emil von Zelewski, na askari wa manowari wakashushwa kumsaidia. Hapa kwetu Bagamoyo ugomvi ulishika kasi juu ya bendera ya Sultani na mlingoti wake. Kwa mtu wa Vienna mlingoti unaweza kuonekana jambo dogo. Kwa mji ule ulikuwa ndio jibu la swali la nani mwenyeji na nani mgeni.

Sasa watazameni watu waliokuwa wakiishi pwani hii kabla ya Agosti ile. Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa Pangani, hakuwa akipatana na masultani wa Zanzibar. Bwana Heri wa Saadani alikuwa amewahi kuyarudisha nyuma majeshi ya Sultani yaliyotumwa kumtiisha. Majumbe wa miji walikuwa na lao, wenye mashamba lao, wapagazi wa bara waliojaa mjini msimu wa misafara lao, na Wazigua, Waarabu na Waswahili walikuwa na visasi baina yao vya miaka mingi. Hao walikuwa upande mmoja ndani ya wiki chache. Kabla ya Oktoba kuingia, kampuni ilikuwa imebakiwa na miji miwili tu kwenye pwani nzima: Dar es Salaam na Bagamoyo, na hapa Bagamoyo ilibaki kwa nguvu ya mizinga ya manowari.

Muungano wa maadui haukukutwa pwani, waheshimiwa. Ulizaliwa Agosti, na aliyeuzaa ni kampuni.

Huko Ulaya wakaupa jina: Uasi wa Waarabu. Jina lilifanya kazi yake. Desemba 1888 manowari za Ujerumani na Uingereza zikaifunga pwani kwa pamoja, kwa hiyo ukipenda kuhesabu miungano ya uhasama, ule wa kwenye meli nao uhesabiwe. Januari 1889 Bunge la Ujerumani likaidhinisha marki milioni 2, zikielezwa kuwa ni za kupambana na biashara ya utumwa na kulinda maslahi ya Kijerumani. Afisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann akaja na askari walioandikishwa Misri, wengi wao Wasudani, na wengine kutoka Msumbiji. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Kampuni ikanyang'anywa utawala baada ya kushindwa, lakini nchi haikurudishwa kwa wenyewe. Iliingia mikononi mwa serikali ya Kaizari.

Niliwapeleka wanafunzi wangu Boma siku ya pili yake, tukakaa kivulini, nikawasimulia haya. Msichana mmoja, aliyeongoza upande ulioshinda, aliniuliza: "Mwalimu, kwa hiyo katika mada yetu, sisi ndio tuliokuwa kampuni?" Nimeibeba sentensi hiyo tangu siku hiyo, na ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Naomba tusikimbilie kusema kwamba hayo ni ya kale na watu wa leo wamestaarabika. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema mwezi na sayari si mali ya taifa lolote, na kwamba kila nchi inabeba dhamana ya wanachofanya watu wake na kampuni zake huko juu. Ni mkataba mzuri. Lakini mwaka 2015 Marekani ilipitisha sheria ya kuwaruhusu raia wake kumiliki madini watakayoyachimba angani, na Luxembourg ikafuata mwaka 2017. Mwaka 2020 kampuni moja ya Kimarekani inayouza intaneti ya setilaiti iliandika ndani ya masharti ya wateja wake kwamba Mirihi ni sayari huru, na kwamba hakuna serikali ya Duniani yenye mamlaka juu ya shughuli za huko. Wateja wengi walibonyeza kukubali bila kusoma. Mimi nilipoyasoma nilimkumbuka Mangungo.

Kila Mtanzania aliyepita darasani anamjua Chifu Mangungo wa Msowero. Novemba 1884 Carl Peters na wenzake, waliokuwa wamesafiri kwa majina ya uongo, walipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakikusanya alama za machifu kwenye karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Katika moja ya karatasi hizo Mangungo anaonekana ametoa nchi yake yote na haki zake zote kwa chama cha ukoloni cha Peters. Mkutano wa Berlin ulimalizika tarehe 26 Februari 1885, na siku iliyofuata, tarehe 27, Kaizari akatoa hati ya kuyalinda maeneo hayo. Siku moja tu. Tangu hapo jina la Mangungo limekuwa tusi kwetu: kiongozi akisaini mkataba mbaya, tunamwita Mangungo. Mimi nimefundisha somo hilo miaka mingi na sasa nadhani tunamwonea. Lawama ni ya aliyeleta karatasi ambayo mwenzake hawezi kuisoma, akachukua alama ya kalamu akaiita ridhaa.

Nalisema hili kwenu kwa sababu huko mnakowapeleka walowezi, hatujui nani atakuwa Peters na nani atakuwa Mangungo. Inawezekana walowezi wetu wakakuta wenyeji dhaifu. Inawezekana pia wakakuta wenye nguvu kutuzidi, wenye karatasi zao, nao ndio watakaoambiwa weka alama hapa. Kanuni ninayoiomba inawalinda wote wawili. Mkiandika sheria ya kumfaidi mwenye nguvu peke yake, mmecheza kamari na nchi ya watoto wetu.

Hata salamu zenyewe zimeshaanza kutumwa bila utaratibu. Mwaka 1974 wanasayansi walirusha ujumbe kutoka darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, kuelekea kundi la nyota liitwalo M13, lililo mbali kiasi cha miaka ya mwanga 25,000, yaani mwanga wenyewe huchukua miaka hiyo yote kufika huko. Huo angalau ulikuwa wa namba, kemia na umbo la binadamu, na ulitumwa na watu waliofikiri. Lakini mwaka 2008 tangazo la biashara la kampuni ya vitafunio lilirushwa kwa mitambo iliyoko Svalbard, kuelekea nyota iliyo umbali wa miaka ya mwanga arobaini na kitu. Mawimbi hayo yako njiani sasa hivi. Mwaka 2017 ujumbe mwingine ulirushwa kutoka Tromsø, Norwei, kwenda nyota ya Luyten iliyo karibu zaidi, miaka ya mwanga 12 hivi. Sisemi waliotuma walikuwa na nia mbaya. Nauliza nani aliwapa idhini ya kunisemea mimi, na mama muuza samaki wa hapa sokoni, na mkulima wa nanasi wa Kiwangwa. Kanuni za wanasayansi wa Akademia ya Kimataifa ya Usafiri wa Anga za Juu, zilizoandikwa mwaka 1989 na kurekebishwa 2010, zinataka mashauriano ya kimataifa kabla ya kujibu ishara yoyote. Ni maneno ya busara, na hayamfungi mtu. Kampuni ikiyapuuza hakuna mahakama itakayoiita.

Mtaniambia kwamba walowezi watakuwa mbali na hawataweza kusubiri ruhusa. Hoja hii naijua. Hata maafisa wa 1888 wangeweza kuitumia, na isingekuwa kweli kwao, maana waya wa telegrafu kutoka Aden ulikuwa umeshafika Zanzibar tangu 1879. Swali lingefika Berlin kabla jahazi la Bagamoyo halijaiona Lamu. Walioko Mirihi nao hawatakuwa na udhuru huo: neno lao litachukua kati ya dakika 3 na 22 kufika hapa, na muda kama huo jibu kurudi. Mbali kwa kweli ni nyotani. Proxima Centauri, nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya Jua, iko umbali wa miaka ya mwanga 4.2. Mtoto aliyezaliwa siku swali linatumwa atakuwa anasoma shule ya msingi jibu linapofika. Huko hakuna afisa atakayesubiri. Ndiyo maana kanuni lazima waondoke nayo, wameifundishwa na kuiapia kabla ya kupanda chombo.

Kanuni yenyewe pwani hii tunayo. Mtu akifika nyumba ya watu husimama nje ya kizingiti akaita hodi. Anaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asipoitikiwa karibu, anarudi alikotoka, hata kama mlango uko wazi, hata kama anasikia vyombo vikigongana jikoni. Ukimya hauhesabiwi kuwa karibu. Akiulizwa nani, anataja jina lake la kweli na alichofuata. Hatumi mwingine akaingie kwa niaba yake. Na akishakaribishwa haanzi kupanga viti.

Nawaomba hodi hiyo muiweke kwenye sheria. Popote penye dalili ya uhai, walowezi wasimame nje, mbali, mpaka ijulikane ni nini walichokikuta. Penye dalili ya akili, wajitambulishe na wasubiri, na wasipojibiwa waondoke. Kampuni, jeshi wala makazi yoyote yasiwe na uwezo wa kusaini mkataba na wenyeji, kupandisha bendera au kudai ardhi. Karatasi yoyote ya namna hiyo iwe batili tangu siku ya kwanza, hata kama ina alama ya upande wa pili. Hasa hiyo yenye alama ya upande wa pili. Na neno "adui" lisiwe la kamanda wa mahali. Kumwita mtu adui ni uamuzi mzito kuliko kupiga risasi, kwa sababu risasi zote zinazofuata zinapata ruhusa kutoka kwenye neno hilo. Walowezi wakishambuliwa wajiokoe, waondoke, wasimulie kila kitu walichokifanya wao kabla ya kushambuliwa, siku kwa siku, kuanzia walipotua. Ripoti ya namna hiyo kutoka Pangani ingesomwa Berlin Septemba 1888, huenda Bunge lile lingekuwa na swali lingine la kujadili Januari.

Kuna madhara yasiyohitaji hata ugomvi. Sotoka iliingia Afrika na ng'ombe walioletwa pembe ya kaskazini mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa imeangamiza mifugo ya Wamasai na majirani zao. Funza wa miguuni alivuka bahari kutoka Brazil, akashuka Angola karibu na 1872, akatembea na misafara katikati ya bara mpaka akafika mwambao huu kabla karne haijaisha. Hakuna aliyemtuma. Wanaanga wa Apollo 11 walitengwa siku 21 waliporudi mwaka 1969, na mkataba wa 1967 unakataza uchafuzi wenye madhara. Hilo mmelifanyia kazi zaidi kuliko mengine na nawashukuru, ila limekaa zaidi upande wa kujikinga sisi na kulinda utafiti wetu. Na wao wakingwe nasi.

Sitaki mdhani mtu wa Bagamoyo anaandika kama asiye na doa. Misafara ya pembe iliishia hapa, na ya watumwa pia. Kwa mtu aliyeletwa kutoka Manyema na mnyororo shingoni, mgeni mwenye bunduki aliyemvamia kijijini alikuwa ametoka pwani, na huenda alizungumza lugha hii ninayoandikia. Abushiri aliyeipinga kampuni alikuwa wa tabaka lililofaidika na utumwa huo. Tumekuwa wenyeji waliovamiwa na tumekuwa wavamizi, na yote mawili yanasomeka kwenye kuta za mji huu. Nadhani ndiyo sababu tunastahili kusikilizwa.

Na tumewahi kukutana vizuri pia. Ukienda Kaole, kilomita chache kusini ya mji, utakuta msikiti wa karne ya 13 na makaburi, na vipande vya kauri za Uchina vilivyopatikana pale. Wageni walikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Pepo zenyewe ziliwalazimisha kukaa miezi, kwa hiyo walipanga kwa wenyeji, walilipa ushuru wa mji, walijifunza lugha, wengine wakaoa wakabaki. Hawakuwa malaika. Lakini mlango ulikuwa wa mwenyeji.

Mwaka 1977 vyombo vya Voyager 1 na Voyager 2 vilirushwa, kila kimoja na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye salamu za lugha 55. Kiluganda kimo. Kinyanja kimo, Kisotho kimo, hata Kiila cha Zambia kimo. Kiswahili hakimo. Vyombo hivyo vimeshapita mipaka ya upepo wa Jua na havirudi, wala sidai virudishwe. Ila mkiandaa chombo kingine, au sheria nyingine, nawaomba neno moja tu kutoka kwetu, na mmeshalisikia.

Wanafunzi wangu wameamua kuurudia mdahalo. Wamefuta mada ya zamani na kuandika mpya: "Walowezi wanasema wenyeji wameungana dhidi yao. Kwanza waeleze walifanya nini." Msichana yule amechagua upande wa wenyeji. Tunaomba mtutumie majibu ya barua hii, kwa Kiswahili ikiwezekana, ili niyabandike kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya walimu, wayasome kabla ya siku hiyo.

Wenu katika ujenzi wa amani,

Mwalimu wa Historia,
Bagamoyo, Pwani